Zimwi la Kuazima Halishindi Vita

Jamani, leo tuambizane ukweli hata kama utauma. Vijana wengi mnaojiita wachezaji wa Pokémon wa mashindano hamjawahi kujenga timu hata moja. Mnadesa. Mnaingia mtandaoni, mnachukua timu ya bingwa wa Marekani au Japani, mnaibandika kwenye simu kama ilivyo. Mkifungwa, bahati mbaya. Mkishinda, kichwa kinavimba. Huo si ushindani. Ni kuvaa koti la mtu halafu ukadai umeshona mwenyewe, na wahenga walishatuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nieleze kwa kifupi tusije tukaachana njiani. Pokémon ulianza Japani mwaka 1996. Mchezaji anafuga mazimwi, anayafundisha, kisha anayapambanisha na ya mwenzake. Watoto wanaishia kwenye hadithi na katuni. Wakubwa wana mchezo wao ndani ya mchezo huo huo: unachagua mazimwi sita, kila moja unalipa mapigo manne, kipaji kimoja na kifaa kimoja cha kushika, halafu unakutana na mtu mwenye sita zake. Katika mashindano rasmi yanapigana mawili kwa mawili, na katika yale sita unaingia uwanjani na manne tu. Kuna aina 18. Moto unaunguza majani, maji yanazima moto, umeme unayapiga maji, na zimwi moja linaweza kubeba aina moja au mbili. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Hapa Tunduma tunaocheza si wengi, tunajuana. Mashine ya Nintendo kwa mshahara wa kijana wa huku ni ndoto, kwa hiyo uwanja wetu ni Pokémon Showdown, ambao upo tangu 2011, ni wa bure, na unafunguka kwenye simu ya kawaida kwa bando dogo. Humo huhitaji kulea zimwi wiki nzima. Unaandika unachotaka na baada ya dakika kumi timu ipo tayari. Tena timu yote ni maandishi tu, unamtumia mwenzako kwa WhatsApp kama unavyomtumia namba ya simu. Sasa hapo ndipo ugonjwa ulipoingilia. Kitu kilichotengenezwa ili mtu asiye na kitu ajaribu mawazo yake bure, sisi tumekigeuza bomba la madesa.

Waliopita vyuoni mnayajua madesa. Karatasi ya mtu aliyesoma mwaka juzi, imepigwa kopi mpaka herufi zimefifia, humjui aliyeandika na hujui kwa nini jibu ni hilo. Swali likija kama lilivyozoeleka, unapata A. Mwalimu akiligeuza kidogo tu, umekwisha.

Mfano ninao, na ni wa hapa hapa mjini. Kijana mmoja alitumiwa timu iliyokuwa na Torkoal. Huyu ni kobe wa makaa ya mawe, kasi yake ya asili ni 20, wakati Garchomp, yule joka anayependwa na kila mtu, ana 102. Mwenye timu alikuwa amemshusha kobe wake kasi mpaka mwisho kabisa. Kijana wetu akaona hilo ni kosa. Akamwongezea kobe kasi, eti asipigwe kabla hajapiga. Akafungwa jioni nzima, kisha akaja kutulalamikia kwamba ametumiwa timu feki.

Timu haikuwa feki. Ndani yake kulikuwa na pigo linaitwa Trick Room, ambalo kwa zamu tano linageuza utaratibu wote: mzito anatangulia, mwepesi anasubiri. Torkoal akiingia uwanjani analeta jua, na jua linaongeza nguvu ya mapigo ya moto kwa nusu. Pigo lake la Eruption linawapiga maadui wote wawili kwa pamoja, lina nguvu 150 akiwa mzima, na linapungua kadiri anavyoumizwa. Maana yake ni kwamba lazima apige kabla hajaguswa, na ili apige wa kwanza ndani ya Trick Room, lazima awe mzito kuliko wote. Ule uzito ndio uliokuwa silaha. Waswahili tunasema ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Kijana wetu alimwinua kabla sheria haijaisha.

Na kijana huyo si mjinga hata kidogo. Kichwa chake ni chepesi kuliko cha wengi ninaokutana nao kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Tatizo lake ni moja, alipewa majibu bila kupewa maswali.

Kuna ugonjwa wa pili, ndugu wa ule wa kwanza. Ni ule wa kukusanya majina makubwa. Mtu anajaza timu majoka sita yenye nguvu kuliko yote, anadhani kazi imekwisha. Jamani, sisi watu wa Tunduma ndio wa kufanya kosa hilo? Sisi ambao kila siku tunaona foleni ya malori? Lori halivuki kwenda Nakonde kwa nguvu ya injini. Linavuka kwa sababu kuna dereva, kuna utingo, na kuna wakala wa forodha mwenye karatasi zake. Pandisha madereva sita hodari kwenye kabini moja bila wakala, uone kama watalala Zambia leo.

Mwaka 2014, kule Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia. Ndani ya timu yake alikuwemo Pachirisu, kijikuchakuro cheupe cha umeme. Jumla ya sifa zake sita ni 405. Garchomp, aliyekuwa kwenye timu hiyo hiyo, ana 600. Ukimtazama kwa macho ya kukusanya majina, Pachirisu ni wa kuachwa nyumbani. Lakini Park hakuuliza nani ana nguvu. Aliuliza, Gyarados wangu anaogopa nini?

Gyarados ni maji na anga, umeme unamwumiza mara nne. Pachirisu ana pigo la Follow Me, linalovuta mashambulizi ya adui yamwelekee yeye. Na ana kipaji cha Volt Absorb, umeme ukimpiga hauumii mwili wake, unamponya. Unaona kilichofanyika? Adui anarusha umeme amwue Gyarados, umeme unakwenda kwa mdogo, mdogo anashiba. Huku nyuma mkubwa anafanya kazi yake kwa amani. Pachirisu alikuwa utingo wa lile lori, na lile lori lilifika.

Sasa chukua Pachirisu huyo huyo, umweke kwenye timu isiyo na wa kumlinda. Umebaki na kijikuchakuro tu.

Kuna watakaosema, mbona hata mabingwa wananakili? Ni kweli, na sitaki kuwa mnafiki hapa. Hakuna anayeanza na karatasi tupu. Fundi seremala naye hujifunza kwa kuiga kiti cha mwalimu wake. Lakini anakipima. Anajua mguu una urefu gani na kwa nini, na siku mteja akitaka kiti cha mtoto, anajua pa kukata. Bingwa anachukua wawili watatu waliozoeleka kufanya kazi pamoja, halafu anauliza ni nani atawavunja, na anajaza nafasi zilizobaki kwa kujibu swali hilo. Ninachopinga ni kukichukua kiti cha watu, kukalia, na kujiita seremala.

Tena hebu tupige hesabu, maana namba hazina undugu na mtu. Ukiwa na mazimwi sita na unatakiwa kuingia na manne, kuna njia 15 za kuchagua. Katika manne hayo, mawili ndiyo yanaanza, na kuna njia 6 za kuyachagua. Jumla ni njia 90 za kuingia uwanjani na timu ile ile moja. Adui yako naye ana 90 zake. Zidisha, unapata 8,100. Ujumbe wa WhatsApp umekupa majina sita. Umekuambia utoke na yupi unapokutana na timu ya mvua? Haujakuambia. Mwenye timu anajua, kwa sababu kila zimwi alilichagua kwa ajili ya siku fulani.

Njoo kwenye pointi za mafunzo. Katika Scarlet na Violet za mwaka 2022, kila zimwi lina pointi 510 za kugawanya kwenye sifa sita, na sifa moja haibebi zaidi ya 252. Hiyo ni bajeti. Ukiongeza ulinzi umepunguza shambulizi, huwezi kupata vyote. Mjengaji mzuri anapima: niweke kiasi gani ili nistahimili pigo la fulani na nibakiwe na pumzi kidogo? Ndiyo maana unakuta namba za ajabu ajabu ambazo anayedesa anadhani ni makosa. Katika mashindano rasmi ya michezo hiyo wachezaji wanapeana karatasi za timu: majina, mapigo, vipaji, vifaa. Mgawanyo wa pointi hauonyeshwi. Na hata ukiupata mtandaoni, utaona namba, hutaona pigo ambalo namba hiyo iliwekwa ili kulistahimili.

Wengine mtasema hamna muda. Muda wa kufungwa mara hamsini kwa timu ya mtu mnao! Wengine mtasema wenzetu wametutangulia, hatuwafikii. Hili linaniudhi kuliko yote. Wenzetu hawajaficha kitu. Uchambuzi wa kila zimwi upo Smogon, bure kabisa, ukieleza nani anamshinda nani na kwa nini. Mnaruka maelezo yote, mnashuka moja kwa moja kwenye timu iliyo tayari. Mlango uko wazi, nyie mnapitia dirishani.

Na habari ya "sisi wa huku hatuwezi" tuiache. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya milimani Rungwe, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga, wakati huo Tunduma yetu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni wa Kenya, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa na XiT Gaming ya Marekani kwa sababu ya mikono na akili yake kwenye Tekken. Mchezo wake si huu wetu, lakini hakuna anayesajiliwa kwa madesa.

Mtaniuliza, huu ni mchezo tu, kwa nini nafoka hivi? Nafoka kwa sababu mchezo wenyewe ni chambo. Thamani yote iko kwenye ile saa moja ya kukaa na kujiuliza: nani ataniua, nani atanikinga, nikiongeza hapa nitapoteza wapi? Kijana wa Songwe asiye na maabara wala mtaji anapewa bure uwanja wa kupanga, kukosea na kupanga upya. Halafu ile saa moja ndiyo anayoitupa, anabaki na kubonyeza vitufe. Ni sawa na mtu kununua muwa, akatupa maji akatafuna makapi.

Mji wetu unaishi kwa kupitisha mali za watu. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka kwenda Dar es Salaam, mafuta na bidhaa zinapanda, na tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha na wenzetu wa Nakonde. Hakuna aibu katika hilo, ndio ugali wetu. Lakini hata pale mpakani mzigo haupiti hivi hivi. Turubai linafunuliwa, karatasi zinasomwa, mtu anauliza humu ndani kuna nini na kinakwenda wapi. Iweje basi fikra za watu zipite vichwani mwetu bila kukaguliwa, bila hata swali moja? Anayezoea kudesa timu atadesa ripoti ya kazi, atadesa wazo la biashara la jirani, na duka la tano la vifaa vya simu litafunguliwa mtaa ule ule.

Kwa hiyo nina ombi, lichukueni kama changamoto. Futeni timu zote za watu mlizonazo. Kila mmoja achague zimwi moja analolipenda, hata liwe dhaifu. Aandike linaogopa nini. Atafute la kulikinga, kisha aulize hayo mawili yanaogopa nini, mpaka yafike sita. Mbele ya kila jina aandike sentensi moja ya Kiswahili: huyu yupo kwa sababu hii. Ukikosa sentensi, toa jina hilo, hata kama ni joka la 600.

Utafungwa, tena sana tu mwanzoni. Lakini utafungwa na timu unayoijua, na asubuhi utajua pa kukarabati. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.