Je, Watu Wazima Wapeane Zawadi za Krismasi?

Kila mwaka, Desemba ikikaribia kwisha, watu wengi wafanyao kazi mijini husafiri kwenda makwao kula Sikukuu ya Krismasi, na mizigo yao huwa mizito. Zawadi za watoto hazina ubishi, kwani nguo mpya na viatu ndiyo furaha yao. Ubishi ni juu ya watu wazima. Je, yafaa ndugu mwenye mshahara na ndugu mwenye shamba wapeane zawadi kila Krismasi?

Wako wasemao ya kwamba yafaa sana. Mke aliyetunza nyumba na kulima shamba mwaka mzima, mumewe akiwa kazini mjini, naye ana moyo kama mtoto. Akiletewa leso hujua ya kuwa hakusahauliwa. Neno hilo ni la kweli, wala si la kudharauliwa. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri.

Lakini kutoa ni jambo moja, na kulipana ni jambo jingine. Mtu mzima akipokea zawadi mbele ya jamaa, huona haya kukaa mikono mitupu. Tuseme karani wa Nairobi amemletea kaka yake, mkulima wa Trans Nzoia, shati zuri. Mwaka wa pili kaka hataki kuchekwa, kwa hiyo auza gunia la mahindi apate kununua zawadi ya kurudisha. Auza wakati ambao mavuno yamejaa sokoni na bei iko chini. Na ghala likiisha kabla ya mavuno mengine, itambidi kununua mahindi kwa bei iliyopanda. Karani naye, akiwa amelipwa mshahara wa Desemba kabla ya Sikukuu, hana budi kungoja hata mwisho wa Januari, na huku shule zimefunguliwa na karo yadaiwa. Basi kila mmoja amempa mwenziwe kitu, na wote wawili wamepungukiwa.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka wa 1993 Joel Waldfogel, mtaalamu wa uchumi huko Marekani, alitangaza matokeo ya maswali aliyowauliza wanafunzi juu ya zawadi zao za Krismasi. Aliona ya kuwa, ukiacha upendo ulio ndani ya zawadi, vitu walivyopewa vilikuwa na thamani ndogo machoni pao kuliko bei yake. Katika kila shilingi mia, ni kama kusema kwamba baina ya kumi na thelathini na tatu zilipotea bure. Hasara ilikuwa ndogo zaidi kwa zawadi za marafiki na wapenzi, kwa sababu hao wajua mwenzao ahitaji nini.

Hata wale Mamajusi wanaotajwa katika Injili ya Mathayo walimletea mtoto dhahabu, uvumba na manemane. Haikuandikwa ya kwamba walipeana wao kwa wao.

Kwa hiyo jamaa wenye busara hupatana mapema, kabla fedha hazijatumika. Zawadi ziende kwa watoto, na kwa wazee wasioweza tena kujitafutia: blanketi, sukari, au dawa. Mume na mke wapeane wakipenda, kwa kuwa kila mmoja ajua haja ya mwenziwe. Ndugu wazima wakitaka kutoa, na watoe pamoja kitu kimoja kifaacho nyumba nzima, kama vile mabati ya paa la mama au karo ya mtoto aliyefiwa na wazazi.

Mwenye kuanzisha mapatano hayo yampasa awe yule mwenye mshahara, kwani mkulima akiyataja kwanza ataonekana bahili. Karani akisema, "Kaka, mwaka huu usininunulie kitu, weka gunia lako," atakuwa amempa ndugu yake zawadi isiyomwachia deni.