Shamba Linapogeuka Viwanja: Haki Hutafutwa Kabla ya Mawe ya Mipaka

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ikafanywa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Makao makuu huvuta ofisi, ofisi huvuta watumishi, na watumishi huhitaji nyumba. Ndipo mashamba ya pamba na mahindi yaliyo pembezoni mwa mji yanapoanza kutazamwa kwa jicho la viwanja.

Kupanga mji si jambo baya. Mji usiopangwa huwaadhibu wakazi wake: gari la zimamoto halipiti, maji ya mvua hayana njia, na jeneza hupitishwa katika nyua za watu. Swali letu Ijumaa hii ni hili: shamba linapopendekezwa kuwa makazi, mwenye shamba husikilizwa lini?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Sheria hiyo inaitaka ishauriane na wenye ardhi inapoandaa mpango. Mchoro hutayarishwa, hujadiliwa na kupelekwa kuidhinishwa; kisha mpima huja kusimika mawe ya mipaka. Mchoro ukiwa bado mezani, barabara yaweza kusogezwa kwa kalamu. Mawe yakishasimikwa, kuisogeza ni safari ya ofisi nyingi na gharama kubwa. Kwa hiyo familia inayoupuuza mkutano wa mtaa au kijiji, ikidhani ni siasa tu, huiacha haki yake pale ilipokuwa rahisi kupatikana.

Tuhudhurie basi, na tuulize mambo matatu.

La kwanza: ni nani walioandikwa? Mashamba mengi ni ya mirathi ambayo haijagawanywa. Baba amefariki, kaka mkubwa analima, na jina lake ndilo linaloingia katika fomu ya uthamini. Mjane, mabinti na mayatima hawaonekani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na sharia yetu imekwisha kumtajia fungu lake. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, uwanja alioutaka kwa ajili ya msikiti ulikuwa wa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Imepokewa kwamba walitaka kuutoa bure, naye akakataa mpaka akaununua. Ikiwa ardhi ya msikiti haikuchukuliwa kwa yatima bila thamani, ya viwanja vya nyumba itachukuliwaje?

La pili: malipo ni yapi, na lini? Ardhi inapotwaliwa, sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinahesabu bei ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho za usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na faida iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, kanuni huongeza riba. Muislamu anajua riba ilivyoharamishwa. Basi ana sababu ya ziada ya kudai alipwe kwa wakati.

Tukumbuke pia mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002 na kufika Mbweni, Bunju na Toangoma. Fedha zilikopwa Hazina, na mkopo ukarejeshwa kwa mauzo ya viwanja. Katika utaratibu kama huo bei ya kiwanja hubeba ndani yake fidia, upimaji na barabara. Aliyelipwa kwa thamani ya shamba hutakiwa kununua kwa thamani ya mji, na fedha mkononi mwake haitoshi. Dawa yake ni kuomba, mchoro ukiwa bado mezani, kwamba wenye asili watengewe viwanja. Pengine hakuna fidia kabisa: mwenye shamba hutoa sehemu ya viwanja kulipia upimaji. Hapo aulize ni vingapi atabaki navyo na viko wapi, kisha yaandikwe mbele ya mashahidi, kama Qur'ani ilivyotuamrisha kuandika madeni yetu.

La tatu: cha watu wote kiko wapi? Njia, shule, zahanati, eneo la wazi na makaburi huonekana kama hasara kwa mwenye kuuza, kwani hakuna anayevinunua. Lakini ndivyo vinavyofanya viwanja viwe mtaa. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu watu wakihitilafiana juu ya njia, iachwe dhiraa saba. Wanahistoria wanasimulia kwamba Kufa, uliojengwa mwaka wa 17 Hijria zama za Sayyidna Umar, ulipangiwa barabara za dhiraa arobaini, thelathini na ishirini, na vichochoro vya dhiraa saba. Njia zilipimwa kabla ya nyumba.

Kwa viongozi tunasema: mkutano unaoitishwa jana ili ufanyike leo, wakulima wakiwa mashambani, si ushauriano. Mchoro ubandikwe mahali pa wazi na uelezwe kwa lugha wanayoielewa wazee. Nasi tulio misikitini, imamu atangaze siku ya mkutano kama anavyotangaza maziko, na kila familia ipeleke wake: mzee anayeijua mipaka, mjane mwenye fungu lake, na kijana awezaye kuisoma ramani.

Wabillahi tawfiiq.