Tusiyaachie Mashetani Majumba Yetu ya Kale

Hakuna mtaa mkongwe katika pwani yetu usiokuwa na nyumba moja ambayo watoto huipita mbio magharibi ikiingia. Itasemwa kwamba usiku nyayo husikika orofani, au kwamba mwenye nyumba alifuga majini. Ilala nayo haikosi visa hivyo, kuanzia ukingo wa bandari hadi Kariakoo. Nchi nyingine huwatoza wageni fedha ili kuwaonyesha majumba ya namna hiyo. Sisi huyaogopa, tukayaacha yakaoza, kisha tukayabomoa.

Mwalimu wa sayansi aweza kuzieleza sauti hizo kwa dakika tano. Kuta za matumbawe na chokaa hunywa unyevu, boriti za mikoko hulia zinapopoa usiku, na nyumba isiyoingiwa na watu huingiwa na popo. Lakini tusiishie kwenye kicheko. Mara nyingi kisa cha mzimu ni kumbukumbu ya dhuluma ambayo majina ya waliodhulumiwa yamepotea.

Wenzetu wa Unguja wamesimulia kwa vizazi kwamba chini ya nguzo za Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, walizikwa watumwa. Iwapo kisa hicho ni cha kweli au sicho, utumwa wenyewe ulikuwa wa kweli. Nayo hofu ya mizimu haikulilinda jumba hilo. Tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likikarabatiwa, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Aliyewaua si jini. Ni uchakavu wa miaka mingi.

Turudi Ilala. Mkabala na vivuko vya Zanzibar limesimama Boma la Kale, lililojengwa mnamo mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Seyyid Majid. Baadaye likatumiwa na watawala wa kikoloni. Katika miaka ya karibuni lilikarabatiwa na kufanywa kituo cha urithi wa majengo ya mji, na leo mwananchi aweza kuingia na kupanda ngazi zake bila ya kuhitaji hirizi.

Kutoka hapo, mwendo wa miguu utakufikisha kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na hatimaye Kariakoo. Wengi hununua nguo na vitunguu pale bila kukumbuka kwamba jina hilo latokana na Kikosi cha Wapagazi, ambacho Waingereza walikipigisha kambi hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wapatao 100,000 waliokuwa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa, wala si kwa risasi. Askari mwenye bunduki amepata sanamu. Mpagazi aliyembebea mzigo amebakiwa na jina la soko. Kama pana mizimu Ilala, basi ndiyo hiyo, na haidai ubani. Yadai kukumbukwa.

Hapa ndipo penye wajibu wetu, sisi watumishi wa umma na walimu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hata Boma la Kale, kongwe kama lilivyo, limejengwa baada ya mwaka huo. Kwa hiyo jengo la Dar es Salaam hupata hifadhi pale tu Waziri anapolitangaza rasmi. Lisipotangazwa, mwenye kiwanja akitaka ghorofa 20 hana wa kumzuia, na uvumi wa majini humsaidia, kwa kuwa hakuna atakayelilia nyumba ya mashetani.

Yafaa basi maofisa wa mipango miji wayaorodheshe majengo hayo na kupendekeza yatangazwe, na walimu wawatembeze wanafunzi njia ile ya Boma hadi Kariakoo, wakiwa na daftari mkononi. Mtoto aliyekwisha kuingia ndani ya jumba la kale na kujua ni nani alilijenga, na kwa jasho la nani, hatalipita tena mbio. Wala hatanyamaza siku tingatinga litakapofika mlangoni.