Madini Yaliyotukanwa

Zamani wachimba madini wa Saxony, katika nchi ya Ujerumani, walichimbua jiwe lenye wekundu kama wa shaba. Wakafurahi, wakalitia motoni; lakini shaba haikutoka. Kilichotoka ni moshi wenye sumu, kwa maana jiwe lile lilikuwa na aseniki ndani yake. Wakakasirika, wakaliita Kupfernickel, maana yake shaba ya pepo.

Mwaka 1751 mtaalamu wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, aliyachunguza kwa subira mawe ya machimbo ya kwao. Akapata madini meupe, magumu, yasiyojulikana bado. Baadaye akayapa jina la nikeli. Hivyo tusi limekuwa jina mpaka leo.

Mimi nasema kosa halikuwa la jiwe. Wale watu walitaka shaba, na walipoikosa wakadhani hamna kitu.

Sasa tazameni kazi ya nikeli. Ukichanganya chuma na kromi kiasi cha mafungu 18 katika 100, na nikeli mafungu 8, wapata chuma kisichoshika kutu. Ndicho kifanyacho vijiko vizuri na mapipa makubwa ya viwanda vya maziwa. Injini za eropleni huwaka moto mkali mno, nazo hustahimili kwa ajili ya nikeli. Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 iling'aa kama fedha, kumbe ilikuwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Hata betri nyingi za magari ya umeme zina nikeli ndani.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, mbona dhahabu twaijua, na nikeli hatuijui?" Ni kwa sababu dhahabu huvaliwa shingoni, na nikeli hujificha kazini.

Twasema kizuri chajiuza. Lakini nikeli haikujiuza. Ilimngoja mtu wa kuichunguza. Huko Kabanga, wilaya ya Ngara, watu walilima na kuchunga miaka mingi juu ya nikeli wasijue.

Basi, wanafunzi, mwenzenu akishindwa hesabu, msifanye haraka kumwita mjinga. Pengine mwatafuta shaba, naye ni nikeli. Mchunguzeni kwanza kwa subira, ndipo mseme.