Fimbo ya Hikori

Najua yuko msomaji atakayeniuliza: "Ewe mtu wa pwani, fimbo ya wenyeji wa Marekani yakuhusu nini?" Swali lake ni la haki, nami nitamjibu, ila kwanza anipe subira nimweleze fimbo yenyewe.

Wako watu waitwao Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois. Ni mataifa sita yaliyofungana ahadi moja, na nchi yao ni pande za New York hata kuingia Kanada. Wao ni miongoni mwa wenye asili ya mchezo ambao leo dunia yauita lakrosi: mpira mdogo hudakwa na kurushwa kwa fimbo iliyopinda kichwani, na ndani ya upindo huo mna wavu.

Fundi huingia msituni kutafuta hikori, mti mgumu wa jamii ya jozi, ulionyooka na usio na vifundo. Akiisha kuuangusha, gogo halipasui kwa msumeno. Hulipasua kwa kabari, ili mpasuko ufuate uzi wa mti wenyewe. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Msumeno hukata uzi njiani, na mti uliokatwa uzi ukipindwa huvunjika. Na usipovunjika siku hiyo, utavunjika siku ya mchezo, mikononi mwa mtu. Kisha kipande hutiwa kwenye mvuke mpaka kilainike. Akikitoa, fundi hana nafasi ya kufikiri: hukipinda papo hapo, akakifunga kwa waya kisifunguke. Baada ya hapo ni kungoja. Miezi hupita, mti ukikauka na kuishika sura yake mpya. Ndipo huuchonga kwa kisu chenye mikono miwili akikivuta kuelekea kifuani, akatoboa matundu, na mwisho akasuka wavu wa ngozi na utumbo wa mnyama. Tangu mti kuanguka hata fimbo kushikwa, ni karibu mwaka.

Sasa nimjibu msomaji wangu. Nimekaa mara nyingi Lamu penye kuundwa majahazi, nikimtazama fundi akigeuzageuza tawi, akilitupa, akichukua jingine. Yeye hatafuti mti ulionyooka. Ataka tawi ambalo Mungu mwenyewe amekwisha kulipinda, lifae kuwa taruma. Mwenzake wa Onondaga ataka mti ulionyooka ili aupinde yeye. Njia zimepishana, lakini elimu ni moja: nguvu ya mti imo katika uzi wake, na ole wake aukataye.

Mwaka 1968 kiwanda kikubwa cha fimbo za mbao, katika nchi ya Wamohawk huko Cornwall Island, kiliungua moto. Mwaka 1970 kikaja kichwa cha plastiki, chepesi, vyote sawasawa, na shule na vyuo vikakikimbilia. Siwalaumu. Mwenye kununua fimbo 30 kwa mara moja hawezi kungoja mwaka mzima mti ukauke.

Ninaogombana nao ni wale ambao kila wakiitaja kazi ya mkono huitaja kama waombao sadaka: ihifadhiwe, iwekwe makumbusho, ipigwe picha. Fimbo ya hikori haikuokolewa na makumbusho. Imeokolewa na haja. Haudenosaunee wana mchezo wa tiba, uchezwao kwa ajili ya mgonjwa au kaumu nzima, na humo fimbo ya plastiki haikubaliwi. Ni ya mbao tu. Imani yao ni yao, sikuja hapa kuipima. Nisemalo ni kwamba maadamu mchezo huo wachezwa, sharti apatikane mtu wa kupasua hikori.

Mtu huyo, kwa miaka mingi, alikuwa Alf Jacques wa Onondaga. Alianza na baba yake katika miaka ya 1960, akiwa kijana, kwa sababu alitaka fimbo na fedha za kuinunua hazikuwapo. Plastiki ilipoingia wanunuzi walimkimbia, yeye hakuacha. Alifariki mwaka 2023, akiwa amekwisha kuwafundisha vijana.

Sisi tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Siku wenye mizigo walipoacha kuupakia, mafundi wake walikwisha mmoja mmoja, na leo twauona kwa mfano wake tu, ndani ya makumbusho, na hatuwezi kuusafiria hata kufika ng'ambo ya pili. Basi anayelia kuhusu kofia ya mkono na mlango wa kuchonga, namuuliza: mwaka huu ameagiza nini, na kwa nani?

Mimi nimeagiza bakora ya mtobwe kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Ameniambia nirudi baada ya Idi, maana fito bado haijakauka.