Mguu wa Kushoto Hauna Kazi Kwenye Otomatiki

Niliwaahidi kuendelea na habari za hifadhidata, lakini kuna jambo lilitupata barabara ya Mombasa ambalo limekataa kunitoka kichwani. Msidhani nimeacha kompyuta na kuingia kwenye magari. Mkisoma mpaka mwisho mtaona ni habari ya programu vilevile.

Mjomba wangu ameendesha malori miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba. Mwaka jana alinunua gari dogo la otomatiki lililotoka Japani, chapa yake nitaihifadhi. Siku ya kwanza tu akaamua kwamba mguu wa kushoto, ambao sasa hauna klachi ya kukanyaga, hauwezi kukaa bure. Akaupa breki. Wa kulia mafuta, wa kushoto breki. "Mpwa wangu," akaniambia, "kwangu hali mtu bila kufanya kazi, hata mguu."

Basi siku hiyo tulitoka Voi kwenda Mombasa. Tulipopita Maungu tukakuta trela mbele yetu. Mjomba akatoka kulipita. Kwa mbali basi likajitokeza, ila nafasi ilikuwepo. Gari likaanza kushika kasi, kisha katikati ya trela likalegea ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mjomba akazidi kukanyaga mafuta, wapi! Dereva wa trela, Mungu ambariki, akapunguza mwendo na kuvuta kushoto, basi nalo likashuka pembeni ya lami, tukapenya. Hatukusemezana mpaka Mackinnon Road.

Mjomba alilaumu petroli. Fundi akasafisha throto, akabadilisha plagi, akachukua pesa yake. Mimi sikuridhika. Sisi waandishi wa programu tuna kasumba moja: hitilafu ambayo huwezi kuirudia hujaielewa. Jumapili nikachukua gari mpaka barabara ya vumbi isiyo na watu, mjomba akakaa kiti cha abiria. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mguu wa kulia umetulia juu ya mafuta, halafu kwa mguu wa kushoto nikabonyeza breki mpaka ikashika. Injini ikalegea. Nikaachia, ikarudi. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Lile basi lilinitisha," akasema. "Mguu ulibonyea wenyewe."

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kwenye magari ya zamani pedali ya mafuta ilivuta waya wa chuma, na waya ulifungua mlango mdogo wa hewa kwenye injini, ambao mafundi wetu wanauita throto. Ukikanyaga, unafunguka. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa leo hayana waya huo. Pedali ina sensa, kwa kawaida mbili ili moja iichunguze nyingine, nazo zinapeleka namba kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua throto ifunguke kiasi gani, kisha inaamrisha mota ndogo. Kwa maneno mengine, mguu wako haukanyagi mafuta. Unatuma ombi, na programu inaweza kulikubali, kulichelewesha au kulikataa.

Moja ya sababu za kulikataa ni breki. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana sharti kwamba pedali zote mbili zikikanyagwa kwa pamoja, breki ndiyo inayosikilizwa na nguvu ya injini inapunguzwa. Kila kiwanda kina masharti yake, mengine hayajali mguso mwepesi, lakini wazo ni hilo.

Sharti hili lilienea kwa sababu ya damu. Agosti 2009, karibu na San Diego kule Marekani, watu 4 wa familia moja walikufa ndani ya Lexus iliyokataa kupunguza kasi. Mkeka wa sakafuni, ambao haukuwa wa aina ya gari lile, ulikuwa umenasa pedali ya mafuta. (Na wewe uliyetandika mkeka mpya juu ya mkeka wa zamani, kautoe sasa hivi, tutakungoja.) Toyota ikaita mamilioni ya magari yarudi. Wahandisi wa NASA walichunguza mfumo wa umeme wa throto, na ripoti iliyotolewa 2011 haikupata hitilafu ya kielektroniki inayoeleza matukio yale. Hata hivyo mwaka 2013, huko Oklahoma, baraza la mahakama liliihukumu Toyota katika kesi ya Camry ya 2005, baada ya wataalamu kueleza udhaifu wa programu yake. Vyovyote utakavyoamini, breki kuishinda mafuta ni kinga nzuri. Ila aliyeiandika alimfikiria dereva mwenye mguu mmoja kazini, si mjomba wangu.

Ninapoyasema haya kijiweni hapa Voi, lazima mtu aniletee habari za rali. Safari Rally ya zamani ilipita hadi Milima ya Taita, kwa hiyo kila mzee ana hadithi yake. Ni kweli, Wafini kama Rauno Aaltonen, bingwa wa Monte Carlo mwaka 1967 akiwa na Mini, walifunga breki kwa mguu wa kushoto. Lakini tazama walichokitafuta. Walishikilia mafuta kwa kulia na kugusa breki kwa kushoto ili sehemu ya nyuma ya gari iteleze na pua igeukie kona. Hawakuwa wanasimama. Tena walikanyaga zote mbili kwa makusudi, jambo lilelile ambalo kompyuta ya gari lako imeandikiwa kulikataa.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Usiku, upande wa Manyani au ukielekea Maktau, tembo hutokea barabarani bila taarifa, na mguu uliokwisha kaa juu ya breki unawahi. Nakubali, unawahi. Tuseme unaokoa sehemu 2 za 10 za sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo umeokoa kama mita 4 na nusu. Si kidogo mbele ya tembo. Lakini ukishuka hadi 60 unapata zaidi ya hapo bila kuuazima mguu uliofundishwa klachi. Klachi inakanyagwa mpaka chini, breki inapimwa. Mguu wa mjomba umezoea miaka yote hiyo kusukuma mpaka mwisho, na hofu ikiingia unarudia kile unachokijua. Anayeanza leo na otomatiki tupu, au aliye na udhaifu mguu wa kulia, simsemi.

Kuna ucheleweshaji mmoja ambao kweli unaua kwenye barabara yetu, nao hauko kwenye breki. Uko pale unapokanyaga mafuta ili upite, na otomatiki inawaza kwanza: ishuke gia, au kama ni CVT, ipandishe mzunguko wa injini. Wengine wananunua vile vidude vya kuchomeka kwenye waya wa pedali vinavyoahidi gari jepesi. Havikuongezei nguvu hata kidogo. Vinabadilisha namba tu, ukikanyaga robo vinaiambia kompyuta umekanyaga nusu. Ukikanyaga mpaka chini, uko palepale ulipokuwa.

Mimi ninafanya hivi: ninabaki nyuma ya lori kwa nafasi ya kutosha, ninaangalia mbele, ninazima O/D au kuweka S nikiwa bado upande wangu, gia inashuka, ndipo ninatoka. Kuwaza kwa kompyuta kunaishia kwenye njia yangu, si mbele ya basi. Na ukishuka Wundanyi kwenda Mwatate, kwenye zile kona, gia ya chini ishike gari, breki isipate moto.

Mjomba siku hizi anavua kiatu cha kushoto akiingia garini, eti kimkumbushe. Juzi alishuka Mwatate nacho mkononi, wauza ndizi wakamcheka, akawaambia ni amri ya kompyuta.