Rada ni Gani? Tusinunue Krono Kila Mtu na Yake

Tangu nianze kuposti video za renji, swali ambalo naulizwa kuliko yote ni hili: ninunue krono gani? Kwa wale wageni, krono ni kronografu, ile mashine ya kupima kasi ya risasi ikitoka kwa mtutu.

Jibu langu litaudhi watu kadhaa. Usinunue. Yaani, usinunue peke yako. Na kabla hujaanza kunitumia link za mashine ya bei poa uliyoona mahali, ngoja kwanza nikupe story ya mjomba wangu.

Mjomba ana leseni, ana bastola ya 9 mm, na amekuwa akipiga shabaha tangu nikiwa darasa la tano. Mimi sina bunduki na sina haraka ya kuwa nayo. Kazi yangu renji ni kuandika alama, kuziba matundu kwa karatasi za shabaha na kubeba maji. Lakini ukikaa na watu wanaopiga, unajifunza mambo ambayo wao wenyewe wameacha kuyaona.

Moja ya hayo mambo ni kwamba kwa mechi za bastola hautoshani na kulenga tu. Iwe ni IDPA, ambayo mechi zake zimeshapigwa pale Kirigiti, Kiambu, au ni IPSC, kuna kiwango cha nguvu ambacho risasi yako lazima ifikie. Ni mambo ya haki. Risasi laini hairushi mkono sana, kwa hivyo anayeitumia anarudi kwa shabaha haraka kuliko mwenzake. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha na kasi yake kwa futi kwa sekunde. Kwa daraja nyingi ambazo watu hupiga na 9 mm, jibu lisipungue 125,000.

Mjomba alikuwa na risasi za greni 124. Hebu toa simu ufanye hii hesabu. 124 mara 1,008 ni 124,992. Umeanguka. 124 mara 1,009 ni 125,116. Umepita. Futi moja kwa sekunde ndiyo inatenganisha mtu na mechi yake.

Sasa, boksi la risasi liliandikwa 1,050. Kwa hiyo hesabu mzee yuko sawa kabisa, 130,200. Lakini namba ya boksi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa majaribio ulio mrefu kuliko wa bastola yako, na mtutu mfupi kwa kawaida hukupa kasi ya chini. Mjomba anajua hivyo, kwa hivyo hakuamini boksi. Aliazima krono ya rafiki yake, ile ya kukunja, akaipanga mbele ya meza saa sita mchana jua likiwaka, akapiga risasi tatu. Wastani, 1,015. Hiyo ni 125,860. Amepita. Akacheka, akakunja mashine, tukaenda kula.

Siku ya mechi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Julai, ile ya kutoa moshi mdomoni. Wakampimia risasi tatu. Wakapima zingine. Yule kijana wa krono alikuwa rika langu, na uso wake ulianza kuomba msamaha kabla ya mdomo.

“Mzee, pole sana. Haijafika.”

“Imetoa ngapi, kijana wangu?”

“1,003. Unaweza kuendelea kupiga, mzee, lakini alama hazitahesabiwa.”

Mjomba alisema tu, “Sawa,” akaenda akapiga stesheni zote mpaka jioni. Mimi bado niliandika alama zake kwa daftari langu, sijui kwa nini. Usiku nikazijumlisha. Angekuwa wa tatu kwa daraja lake. Sijawahi kumwambia. Mjomba, kama umesoma hapa, pole.

Ni nini kilitokea? Baridi ilichangia, kwa sababu baruti nyingi husukuma kwa nguvu kidogo zaidi zikiwa na joto. Lakini siwezi kuibebesha baridi lawama yote. Ile mashine ya kuazima ilikuwa inasoma juu, na nataka uelewe ni rahisi kiasi gani kudanganywa nayo.

Krono ya kukunja ni senza mbili za mwanga zilizoachana kama futi moja, yaani sentimita 30.48. Risasi ikipita juu ya senza ya kwanza, kivuli chake kinawasha saa. Ikipita ya pili, saa inazima. Kwa risasi ya futi 1,000 kwa sekunde, hiyo safari yote ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa piga hesabu ya kosa: tofauti ya 1,015 na 1,003 kwenye nafasi ya sentimita 30 ni chini ya milimita 4. Kichwa cha risasi ya 9 mm kina urefu wa kama milimita 15. Kwa hivyo senza ya kwanza ikichelewa kidogo kuona risasi kwa sababu ya jua, na ya pili ikaiwahi ncha, tayari mashine imekupa kasi ambayo hauna. Bawaba ya kukunjia isipofunguka hadi mwisho, ni hivyo hivyo. Hakuna taa nyekundu ya kukuonya. Inakuonyesha namba safi, na namba safi ni tamu.

Kupima risasi si jambo jipya. Mwaka wa 1742 Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, alichapisha kitabu akieleza jinsi ya kupiga risasi kwa gogo linaloning'inia, halafu kupima gogo limebembea umbali gani. Gogo! Na hesabu ilikuwa ya ukweli. Kwa hivyo shida haijawahi kuwa teknolojia. Shida ni mtu kuamini mashine bila kuuliza inajuaje.

Basi twende kwa mashine zenyewe. Leo ziko za aina tatu.

Ya kwanza ndiyo hiyo ya mwanga. Ni ya bei nafuu, nyingi zinaanzia kama dola 100. Kwa siku yenye mawingu mepesi inafanya kazi vizuri tu, sitaki kuidharau. Lakini jua kali linaisumbua, taa za renji ya ndani zinazometameta zinaisumbua, na lazima uipange mbele ya mtutu. Hiyo inamaanisha renji nzima isimamishe kupiga, silaha zote zitolewe risasi, afisa wa renji aseme sawa, ndiyo utembee mbele kuinyoosha. Ukisahau kitu, renji nzima inasimama tena. Na risasi ikienda chini kidogo, umepiga mashine yenyewe. Karibu kila renji ina moja yenye tundu.

Ya pili hufungwa kwa mtutu kama kisu cha bunduki ya askari, na inahisi risasi kwa sumaku. MagnetoSpeed ndiyo inajulikana sana. Hii haijali jua, na haikudanganyi kirahisi. Bei ni kama dola 200 hadi 400. Lakini ni rafiki wa bunduki ndefu kuliko bastola. Na ukining'iniza kitu kwa mtutu, risasi inaweza kutua mahali tofauti na kawaida yako. Kwa hivyo unapima kasi leo, kulenga unakuja siku nyingine na risasi zingine.

Ya tatu ni rada. Hapa ndipo mimi nimesimama. Unaijua hii hata kama hujawahi kukanyaga renji, kwa sababu ni ndugu ya ile ya askari wa trafiki anayekungoja barabarani. Inatuma mawimbi, yanagonga risasi, yanarudi yakiwa yamebadilika, na hayo mabadiliko ndiyo kasi. Ni kama honi ya matatu inavyobadilika sauti ikikupita. LabRadar ilitangulia sokoni, na ni nzuri, ila ni kubwa na lazima uilenge vizuri. Halafu mwaka wa 2023 Garmin, hao hao wenye saa za wakimbiaji, wakaleta Xero C1 Pro inayoingia kwa kiganja. Unaiweka kwa meza kando ya mtutu, unapiga. Hakuna kwenda mbele, hakuna kufunga kitu kwa mtutu, hakuna kuomba jua lijifiche.

Garmin wanasema kosa lake ni asilimia 0.1. Kwa risasi za mjomba hiyo ni kama futi moja. Mashine nyingi za mwanga huandikwa asilimia 0.5, yaani futi 5, na hapo ni kama umeipanga sawasawa. Ukiwa karibu na mstari, futi 5 ndizo zinakupa alama au zinakunyima.

“Sawa, lakini hiyo rada ni ghali.” Najua. Ilitoka ikiuzwa dola 600. Tuseme dola ni shilingi 130, hiyo ni 78,000, bado usafiri na ushuru. Hiyo ni pesa ya watu. Ndiyo maana nasema usinunue peke yako.

Jamani, sisi ni watu wa chama. Mama zetu wamenunua mashamba kwa chama. Wamenunua sufuria, viti, hema za kukodisha, wamesomesha watoto. Halafu sisi tunafika renji na kila mtu anataka mashine yake, ya bei ya chini, ambayo ataitumia mara tatu kwa mwaka. Nimehesabu kwa renji yetu: kuna watu sita wenye krono za mwanga, na Jumamosi moja tukizipanga zote mtu asisome namba sawa na jirani. Hizo sita, hata kwa dola 100 kila moja, ni dola 600. Mmesikia hiyo namba? Pesa ya rada tulikuwa nayo. Tuliitawanya tu.

Watu 12, kila mmoja 8,000, ni 96,000. Inakaa ofisini renji, kuna daftari la kutia sahihi, anayeivunja anailipa. Na kuna faida ambayo hata sikuwa nimeifikiria mwanzo: mkipimwa wote na mashine moja, mabishano yanakwisha. Wewe ukisema risasi zako ni 1,030 na mimi zangu ni 1,010, tunajua tofauti iko kwa risasi, haiko kwa mashine.

Kuna wale wataniambia kitu cha wengi hakitunzwi. Nimeona hiyo pia. Lakini nimeona vile kitu cha mtu mmoja kinavyotunzwa: kimelala juu ya kabati, betri imevuja, na siku unakihitaji mwenyewe yuko shagz.

Mkishaipata, tafadhali msiitumie kama mjomba. Risasi tatu hazitoshi. Tatu zinaweza kutoka vizuri kwa bahati, halafu ya nne ikuaibishe. Piga 10. Najua bei ya risasi hapa Kenya, ndiyo maana nataka kila moja ikupe kitu. Piga kwa bastola utakayoshindana nayo, si ya rafiki. Piga asubuhi kukiwa na baridi. Usiangalie wastani peke yake, angalia ya juu kabisa na ya chini kabisa zimeachana kiasi gani, kwa sababu siku ya mechi hakuna anayejua zitakazochaguliwa ni zipi. Na usitafute kupita kwa futi moja. Kwa greni 124, mimi ningetaka kuona 1,040 au zaidi, hiyo ni karibu 129,000, ndiyo nilale usingizi.

Halafu andika. Tarehe, aina ya risasi, hali ya hewa, namba zote 10. Kwa daftari, si kwa kichwa.

Na ukishajua kasi, sahau kasi. Nimeona vijana wakishangilia namba kwa skrini na hawajaangalia hata kama risasi imegusa karatasi. Krono haikufundishi kulenga. Kazi yake ni moja tu, kukuambia ukweli mdogo ambao haufurahishi, mapema, ukiwa bado una muda wa kubadilisha risasi. Mashine ambayo haiwezi hiyo kazi, hata uipewe bure, ni ghali. Ya mjomba ilikuwa ya bure. Ilimgharimu mwaka mzima wa mazoezi.

Mechi ijayo ni baada ya miezi minne. Mjomba ameshasema ataweka 8,000 yake, na mimi nimeweka 2,000 ingawa sipigi. Nimemwambia nataka mwaka huu nikiandika alama, ziandikwe mahali zinahesabiwa.

Wa renji yetu, tumebaki watu wanane. Rada ni gani?